Kilo Moja ya Kahawa

Nimerudi Moshi juzi, miguu bado imevimba kwa ndege tatu.
Nimekaa barazani Pasua, viatu nimevua,
na Kibo imejifunika, desturi yake ukiitazama kwa haja.
Majirani wanataka habari za Havana.
Ndewario, fundi baiskeli, anauliza kama ni kweli
magari ya kule yana umri kuliko sisi.
Ni kweli, nasema. Ila yale yanapigwa picha.

Miaka arobaini na moja.
Nilikwenda kijana wa kiwanda, kutoka Arusha Chini,
nimetumwa nikajifunze mitambo ya kukamua miwa.
Nilipanga kwa Bi Mirelys, ghorofa ya pili,
kamba za nguo zikivuka barabara kwenda kwa jirani
kama watu waliokopeshana mpaka mashati.
Alinifundisha kumwita kila mtu kompanyero:
muuza mkate, daktari, polisi wa zamu ya usiku.
Nami nikampa letu, ndugu.
Alilipokea mdomoni kama ndizi ya moto,
akaligeuza, akaligeuza, akalimeza.

Safari hii nilibeba kilo moja ya kahawa,
ya kihamba chetu Kibosho, dada yangu Ndeanasia
kaikaanga kwa kikaango kile kile cha mama.
Mlango niliukuta umepakwa rangi ya buluu,
kibao juu yake: vyumba, kiyoyozi, kifungua kinywa.
Binti akanifungulia. Nikamwita kompanyera.
Akacheka, si kwa ubaya,
alivyocheka karani wa benki siku ile nilipompelekea
noti za marehemu baba, zilizofutwa zamani.
Yeye akaniita amigo, akataja bei ya usiku mmoja.

Nikamwambia mimi si mpangaji. Yaani, nilikuwa.
Nikalitaja jina la bibi yake.
Alikufa, akasema, mwaka wa kile kimbunga,
na ngazi ikaanguka mwezi uliofuata.
Kisha Yanisleidi (ndilo jina lake, nililiandika kiganjani)
akapiga simu ng'ambo, akaigeuza kioo kwangu.
Mama mmoja mnene, jikoni kwa watu, na aproni ya kazi.
Nilimwacha ana miaka tisa, hana meno mawili ya mbele.
Alinikazia macho. Akapiga kelele, "Ndungu! Ndungu!"
na sikumsahihisha.

Usiku nilitembea kando ya ukuta wa bahari.
Vijana wamekaa pale pale tulipokaa,
ila sura zimeangaziwa kutoka chini, kila mmoja na simu yake.
Muziki ulitoka kwenye spika ndogo kama kopo la maziwa.
Sitasema wamepotea. Nani alinituma kuwahesabu?
Walikuwa wakicheka. Mmoja aliuliza visa ya kwetu inapatikanaje.
Kwetu! Nilitamani kumwonyesha begi la mjukuu wangu Aikande,
limefungwa tangu Pasaka, linangoja barua ya Kanada.

Jana nimeshuka mjini kununua dawa ya miguu.
Ile nyumba ya fundi cherehani, yenye 1938 kwenye paji la uso,
wanaibomoa. Roshani ya mbao iko chini, imelala ubavu,
na kijana mwenye kofia ngumu anakaribia kuikanyaga.
"Ndugu!" nikaita.
Hakuna aliyegeuka.
"Ndugu!"
Muuza vocha alinitazama kwa huruma.
Nikaita, "Bosi!"
Wakageuka watatu.

Hayo sikuyaeleza barazani. Nilieleza bahari, na magari.
Lakini Ndewario ni mtu wa kukaza nati mpaka mwisho:
Na ile kahawa, wakainywa?
Tukainywa, nikasema. Yanisleidi aliinusa kwanza, akafumba macho.
Vikombe vidogo vya bibi yake, viwili vimebaki.
Na sukari?
Ilikuwepo, kwenye pakiti.
Nikaigeuza pakiti nisome imetoka wapi.
Imetoka nje, kwa meli.
Viwanda nilivyosomea vimeota majani, akasema binti,
ukitaka kesho nikupeleke ukapige picha.
Nikaikoroga, nikaikoroga,
mpaka akaniuliza kama kwetu ndivyo tunavyokunywa.